Staf sugu na dawa mpya: maswali ninayoulizwa dirishani pa maabara, Pemba

Nafanya kazi ya maabara Pemba, upande wa kuotesha vimelea. Haipiti wiki bila mtu kusimama dirishani na karatasi ya majibu mkononi, akitaka kujua kwa nini mbele ya dawa aliyoimeza siku saba pameandikwa neno "sugu". Wengine wamesikia redioni kwamba nchi za nje kuna dawa mpya na wanauliza inakuja lini. Maswali hayo nimeyakusanya hapa. Nayajibu kama ninavyojibu dirishani, ila safari hii hakuna foleni nyuma yako.

Hii staf ni mdudu gani?

Ni bakteria, na jina lake la kitaalamu ni Staphylococcus aureus. Miaka ya 1880 daktari mpasuaji wa Scotland, Alexander Ogston, alitazama usaha wa majipu kwa hadubini akawaona wadudu hawa wamekusanyika kama kichala cha zabibu, akawapa jina la Kigiriki lenye maana hiyo. Neno aureus liliongezwa kwa ajili ya rangi yao ya dhahabu. Rangi hiyo naijua. Asubuhi nikifungua inkubeta, kabati la joto tunamowaoteshea, naikuta juu ya sahani: vitone vya mviringo, vinene, vinavyong'aa kama samli iliyoganda.

Katika kila watu 10, kama 3 hivi wanaye puani na hawana habari naye, wala hawadhuru. Shida huanza anapopata mlango. Mama wa mwani aliyekatwa na kombe mguuni, mtu aliyetoka kupasuliwa, mtoto mchanga ambaye kitovu hakijakauka: hao ndio anaowaingia. Mara nyingi huishia kuwa jipu. Akifika kwenye mfupa, mapafu au damu ni jambo jengine kabisa. Staf wa kwenye damu humuua mgonjwa mmoja katika kila watano, pengine zaidi, hata katika hospitali zenye kila kifaa.

Usugu wake umetoka wapi?

Penisilini yenyewe ilianzia kwake. Mwaka 1928, katika hospitali ya St Mary's London, Alexander Fleming alikuta ukungu umeota kwenye sahani yake na bakteria waliouzunguka wamekufa. Bakteria wa sahani ile walikuwa staf. Miaka zaidi ya kumi ilipita kabla Howard Florey, Ernst Chain na wenzao wa Oxford hawajaigeuza kuwa dawa ya kumdunga mtu. Mwaka 1941 walimtibu askari polisi ambaye uso wake ulikuwa umejaa usaha. Akapata nafuu, homa ikashuka, halafu dawa ikaisha. Walikuwa wakiichuja tena kutoka kwenye mkojo wake ili wamrudishie, lakini haikutosha, akafariki.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Chain na mwenzake Edward Abraham walikwishaandika kwamba kuna bakteria wanaotoa kimeng'enya cha kuiharibu penisilini. Yaani usugu ulionekana kabla dawa haijafika sokoni.

Ili kuelewa kilichofuata, mfikirie bakteria kama mtu anayeishi ndani ya ukuta anaoujenga mwenyewe, tena asiyemaliza kujenga, kwa sababu kila anapogawanyika anahitaji ukuta mwengine. Anao waashi wake, protini maalumu zinazounganisha tofali na tofali. Penisilini na jamaa zake humshika mwashi mikono. Ukuta unabaki na mianya, mdudu anapasuka. Staf alipojifunza kuikata penisilini, wataalamu walitengeneza methisilini ambayo kimeng'enya kile hakiiwezi. Hiyo ilikuwa mwaka 1959. Mwaka 1961 Uingereza ilitangaza staf wa kwanza asiyesikia methisilini. Alikuwa amepata mwashi mwengine, anayeitwa PBP2a, ambaye dawa za jamii hii hazimpatii mikono. Maelekezo ya kumtengeneza mwashi huyo yamo kwenye jeni iitwayo mecA, na asili yake ni jamaa zake wa karibu, staf wa aina nyengine. Huyo ndiye MRSA.

Maana yake kwetu ni hii: akiwa na mecA, amoksilini haimwezi, kloksasilini haimwezi, na ile sindano ya seftriaksoni ambayo watu wetu wanaiamini kuliko zote pia haimwezi.

Kwa hiyo mwenye MRSA hana dawa?

Anayo. Hapa ndipo panaponiuma, kwa sababu watu hudhani wanasayansi wameshindwa, na hawakushindwa.

Vankomaisini ilitokana na udongo wa msitu wa Borneo, uliotumwa na mmishonari kwa kampuni ya Eli Lilly mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1958. Chupa za mwanzo zilikuwa chafu kiasi kwamba waliipa jina la tope la Mississippi. Yenyewe haimgusi mwashi, inalikamata tofali, kwa hiyo awe mwashi wa zamani au mpya hana cha kujengea. Inapitishwa kwenye mshipa polepole, saa nzima au zaidi, na figo za mgonjwa hufuatiliwa. Mwaka 2002 huko Michigan alipatikana staf aliyebadilisha ncha ya tofali ili vankomaisini isilishike. Staf wa namna hiyo hadi leo ni wachache sana, alhamdulillahi.

Linezolidi, ya mwaka 2000, inasimamisha kiwanda cha protini cha bakteria na ina vidonge vya kumeza. Daptomaisini, ya 2003, inatoboa utando wake, lakini haifai kwa nimonia kwa sababu majimaji yanayopaka mapafu huinyang'anya nguvu. Seftarolini, ya 2010, imebuniwa makusudi ili impate yule mwashi mpya. Jamaa yake, seftobiproli, iliruhusiwa Marekani Aprili 2024 kwa staf wa kwenye damu.

Dawa zipo, basi. Ukisoma karatasi yenye neno "sugu" usikate tamaa, soma mistari iliyobaki.

Nimeona linezolidi inauzwa. Niinunue niweke nyumbani?

Hapana. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la akiba. Ni miongoni mwa dawa zinazotibu kifua kikuu sugu, na ikitumika zaidi ya wiki mbili inaweza kupunguza chembe za damu, kwa hiyo mgonjwa anatakiwa apimwe. Ukiimeza kwa jipu dogo ambalo daktari angelitumbua kwa dakika kumi, umewafundisha wadudu wako dawa ambayo mtu wa wodini hana nyengine badala yake.

Dawa mpya zinapatikana wapi?

Sehemu ambazo wengi hawazitarajii. Nianze na bahari, maana sisi ni watu wa bahari.

Mwaka 1945 Giuseppe Brotzu, daktari wa kisiwa cha Sardinia, Italia, alikwenda kwenye pwani ya mji wa Cagliari, pale mfereji wa maji machafu unapomwaga baharini, akachota maji. Ndani yake akaotesha ukungu unaoua bakteria. Waliufanyia kazi Oxford, na kutokana na ukungu ule ikazaliwa jamii nzima ya sefalosporini. Seftriaksoni ni mjukuu wake, na seftarolini niliyoitaja hapo juu ni kitukuu. Dawa inayodungwa kila siku katika hospitali zetu asili yake ni maji ya mfereji unaoingia baharini, kisiwani.

Mwaka 2013 watafiti wa California walitangaza antrasimaisini, kutoka kwa bakteria wa kwenye mchanga wa chini ya bahari, inayomuua MRSA maabara na kwenye panya. Kila nikipanda boti ya kwenda Unguja na kuyatazama maji ya mkondo wa Pemba, meusi kwa kina, nafikiria tope la huko chini. Natamani siku moja mwanafunzi wa SUZA, chuo kikuu chetu cha Zanzibar, alichote, alioteshe, aandike jina lake juu ya alichokiona.

Udongo nao haujaisha. Tatizo lilikuwa kwamba bakteria walio wengi wa ardhini wanakataa kuota kwenye sahani zetu. Kundi la Kim Lewis, katika Chuo Kikuu cha Northeastern huko Marekani, liliwatega kwa njia nyepesi: waliwatia bakteria kwenye kifaa chenye vishimo vidogo vilivyofunikwa kwa utando, wakakirudisha ardhini. Chakula cha udongo kinapita, bakteria hawatoki, wanaota wakidhani wako kwao. Wakawapima kama 10,000, na mwaka 2015 wakatangaza teiksobaktini. Inalikamata tofali kama vankomaisini, lakini inalishika mahali ambapo ni vigumu sana kwa bakteria kupabadilisha. Maabara walijaribu kumfanya staf awe sugu kwake, hawakuweza. Hata hivyo haijafika kwenye famasi yoyote.

Mwaka 2016 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, walipata lugdunini ndani ya pua ya binadamu. Inatolewa na jirani wa staf anayeishi humo humo na kumfukuza. Na mwaka 2023 kundi la James Collins wa MIT lilitumia kompyuta. Waliipa matokeo ya kemikali kama 39,000 walizozipima kwa mikono, ikajifunza, kisha wakaiuliza kuhusu milioni 12 ambazo hakuna aliyezigusa. Ikawaonyesha kundi jipya kabisa la kemikali zinazompunguza MRSA kwa panya. Kompyuta hiyo ilitengenezwa iweze pia kueleza ni kipande gani cha kemikali kilichoifanya iichague, na mimi hilo ndilo lililonifurahisha zaidi.

Mbona inachukua miaka mingi hivyo?

Kuua staf ni rahisi. Jiki inamuua. Kazi ni kumuua bila kumuua aliyembeba. Kemikali inapimwa kwa bakteria, kisha kwa seli za binadamu, kisha kwa wanyama. Ikivuka hapo wanaipokea watu wachache wenye afya ili ijulikane kama ni salama na inakaa mwilini muda gani, halafu mamia ya wagonjwa, halafu idadi kubwa zaidi ikilinganishwa na dawa iliyopo. Miaka 10 hadi 15 si ajabu. Nyingi hufia njiani, tena baadhi mlangoni kabisa: eksebakazi, kimeng'enya kilichotokana na virusi vinavyoshambulia staf, kilifika hatua ya tatu ya majaribio kikasimamishwa mwaka 2022 kwa sababu hakikuonyesha faida ya kutosha kwa wagonjwa.

Kama ugonjwa ni mkubwa, kwa nini makampuni hayakimbilii?

Wazee wamesema mkono mtupu haulambwi. Dawa ya presha mgonjwa anaimeza maisha. Antibayotiki anaimeza siku saba, amepona, kwaheri. Na ikiwa mpya na nzuri, madaktari wanaificha kabatini ili isizoeleke, na ndivyo inavyotakiwa. Kwa hiyo kampuni imetumia fedha nyingi mno kwa bidhaa ambayo kila mwenye akili anasema isiuzwe sana.

Yaliyotokea yanasikitisha. Melinta ya Marekani iliruhusiwa kuuza delafloksasini mwaka 2017, dawa ya vidonda na majipu pamoja na yale ya MRSA. Desemba 2019 kampuni iliomba kinga ya kufilisika. Mwaka huo huo ilifilisika Achaogen, iliyokuwa imeruhusiwa kuuza antibayotiki nyengine mwaka mmoja tu nyuma. Wao waliifanya kazi tunayowaomba waifanye, na wakaanguka.

Kuna wanaojaribu kurekebisha. Uingereza tangu 2022 inalipa baadhi ya antibayotiki kwa mwaka, kiasi maalumu, zitumike nyingi au chache, kama unavyomlipa mlinzi hata usiku asipokuja mwizi. Hiyo naiona ni busara. Kuna pia shirika la GARDP, lililoanzishwa 2016, linalohangaikia dawa za wadudu sugu zifike hata kwa nchi zisizo na fedha. Kwetu hilo la pili lina uzito zaidi. Mwaka 2019 usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu wanaokadiriwa kuwa milioni 1.27 duniani, zaidi ya 100,000 kati yao kwa MRSA, na hali mbaya kuliko zote ilikuwa Afrika kusini mwa Sahara. Anayeumwa yuko huku, na soko liko kule.

Tunajaribiwa dawa sisi Pemba?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na linastahili jibu la wazi. Utafiti unafanyika Pemba, na si wa kuonea aibu. Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, pale Wawi, Chake Chake, ipo tangu mwaka 2000, na majaribio ya dawa za minyoo yaliyofanyika kisiwani hapa yanasomwa dunia nzima. Jaribio moja lilihusu watoto wachanga wetu zaidi ya 36,000: wengine walipakwa klorheksidini kitovuni, dawa inayoua bakteria wa ngozi akiwemo staf, wengine wakaachwa kitovu kikauke chenyewe. Matokeo yalitoka 2016, na hayakuonyesha tofauti ya kutegemewa katika vifo. Jibu la "hapana" nalo ni jibu, tena lilitoka kwa mama zetu.

Utafiti wa aina hii hupitia kamati ya maadili ya Zanzibar. Ukiletewa karatasi ya ridhaa usomewe yote, uulize, na ukikataa usinyimwe matibabu. Hiyo ni haki yako, mtu asikufanye uione kama hisani.

Karafuu yetu je? Na asali?

Mafuta ya karafuu yana yujenoli, na kwenye sahani yanamzuia staf. Nimewahi kulijaribu mwenyewe baada ya kazi, kwa hamu tu: tone moja kwenye kikaratasi, kesho yake duara safi ambalo mdudu hakuota. Lakini kiasi kinachoua kwenye sahani ukikiweka kwenye damu ya mtu kitaharibu ini kabla ya kumfikia mdudu. Kwa hiyo usimnyweshe mtoto mafuta ya karafuu kwa ajili ya jipu, na usimwagie kidonda kibichi, yanaunguza.

Asali ina heshima yake. Ile iliyosafishwa kwa ajili ya tiba hutumika hospitali kufungia vidonda, na kweli inasaidia. Ya kwenye chupa ya jikoni haijasafishwa hivyo. Na hakuna asali inayotibu staf aliyekwishaingia damuni.

Chanjo? Na wale virusi wanaokula bakteria?

Chanjo mbili kubwa zimejaribiwa kwa watu wanaopasuliwa, moja ikasimamishwa 2011, nyengine 2018. Virusi wanaokula bakteria wanaitwa faji, wanatumika kutibu huko Tbilisi, Georgia, tangu miaka ya 1920. Wanamuua MRSA vizuri, lakini kila faji anachagua mdudu wake, kwa hiyo huwezi kuagiza katoni moja ukagawa Wete mpaka Mkoani.

Ninapotia udhu napandisha maji puani. Staf hatoki?

Maji yanasafisha, na usafi ni kinga. Staf wa puani lakini amejishika kwenye ngozi ya ndani, kwa hiyo maji peke yake hayamwondoi. Ikilazimu aondolewe, kwa mfano kabla ya upasuaji mkubwa, hupakwa marhamu ya mupirosini kwa siku tano. Lililo rahisi zaidi: wembe na taulo visiazimwe, na kinyozi abadilishe wembe mbele ya macho yako.

Kwa nini majibu yenu yanachukua siku tatu?

Kwa sababu mdudu anakua kwa saa zake. Niwaeleze kwa sampuli moja ya mwaka jana, ya mtoto wa skuli wa miaka 11, jipu la paja. Mama yake alishamnunulia vidonge vya rangi mbili mara tatu, duka moja, bila mtu kumwambia akamwone daktari. Mguu ukazidi kuvimba.

Siku ya kwanza niliupaka usaha kwenye agari ya damu, chakula cha bakteria kilichogandishwa kwenye sahani, nikaufungia kwenye inkubeta nyuzi 35. Siku ya pili zile samli zilikuwepo. Nikachukua kidogo, nikatia tone la haidrojeni peroksaidi, povu likatoka. Nikatia kwenye plazma, yale maji ya damu, ikaganda. Staf. Nikampaka upya kwenye sahani safi, nikapanga juu yake vikaratasi vya dawa, kila kimoja na herufi zake, kama kete za bao.

Siku ya tatu nikapima kwa rula. Kikaratasi cha sefoksitini ndicho kinachomfichua MRSA: duara safi likiwa na milimita 22 au zaidi, si yeye. Hili lilikuwa na 14. Klindamaisini ilionekana nzuri, duara kubwa, ila upande uliotazamana na erithromaisini ulikuwa umekatwa bapa, duara likawa kama herufi D. Umbo hilo ni onyo: mdudu anao usugu aliouficha, akiguswa na dawa anautoa. Nikaandika sugu. Laiti nisingeviweka vikaratasi hivyo viwili jirani, ningempa daktari jibu la uongo. Kotrimoksazoli ilikuwa na milimita 27, yaani bado inamweza.

Daktari alilitumbua jipu, usaha ukatoka bakuli zima, akaandika kotrimoksazoli. Mama alirudi dirishani na karatasi ya dawa, amekunja uso. "Mwanangu, hivi si vile vidonge vyeupe vya zamani? Mie nilidhani mtanipa mpya." Nikamwambia ndivyo hivyo, bi mkubwa, vipo tangu mwaka 1968, na huyu wa kwako bado anaviogopa. Baada ya wiki mbili mtoto alipita mbele ya maabara na mkoba wa skuli mgongoni, anachechemea kidogo tu, anakimbilia gari la Wete.